Walioifungia Sikandar Waliielewa Kuliko Wahakiki Wake

Filamu ya Kihindi yenye wafalme, deraya na tembo wa vita huhukumiwa kabla haijatazamwa. Hukumu yenyewe imekaririwa miaka mingi hata hakuna tena anayeuliza ilitoka wapi: ni mchezo wa jukwaani uliopigwa picha, historia yake ni ya kubuni, waigizaji wake wanahutubia badala ya kuzungumza, na uzalendo wake, kama upo, umepakwa juu juu ili tiketi ziuzike. Mtazamaji wa India iliyotawaliwa na Waingereza, tunaambiwa, aliingia kwenye giza la ukumbi ili aisahau nchi yake kwa saa mbili tatu, akatoka na kumbukumbu ya panga na vito. Ujasiri, wanaendelea kusema, ulikuwa kwenye filamu za maisha ya kawaida: za mkulima aliyezama kwenye deni, mjane anayesimangwa, mtu wa tabaka la chini anayefukuzwa kisimani. Nyingine zote ni mapambo.

Naipinga hukumu hiyo tangu mzizi wake. Sina ugomvi na filamu za maisha ya kawaida. Achhut Kanya ya mwaka 1936 na Duniya Na Mane ya 1937 zinastahili sifa zote zilizopewa. Lakini kuzisifu hizo hakutulazimishi kuzidharau zile, na aliyeanzisha mazoea ya kupima ujasiri wa filamu kwa nguo za waigizaji wake alitupotosha. Katika nchi iliyotawaliwa kwa sheria za kubana ulimi, maleba ya kale yalikuwa njia ya kusema, na mara nyingi ndiyo njia pekee iliyobaki. Ushahidi wangu mkuu ni filamu moja: Sikandar, iliyotolewa Bombay mwaka 1941.

Sikandar ni yule yule Iskandar wa Makedonia. Filamu inamkuta mwaka 326 kabla ya Kristo, ameshaiangusha Uajemi na kulivuka bonde la Kabul, sasa amesimama kwenye mto Jhelum, mlango wa India. Ng'ambo ya mto yuko Mfalme Puru, ambaye Wagiriki walimwita Porus. Rukhsana, mwanamke wa Uajemi anayempenda Sikandar, anavuka kwa siri hadi kwa Puru, anamfunga uzi wa rakhi na hivyo kumfanya kaka yake, kisha anamwomba ahadi kwamba hatamuua Sikandar vitani. Puru anawasihi wafalme jirani waungane dhidi ya mgeni. Vita vinapiganwa, mwanawe Puru anauawa, Puru mwenyewe anaipata nafasi ya kumwangamiza Sikandar na anaiacha ipite kwa sababu ya ahadi. Anakamatwa, anafikishwa mbele ya mshindi, na mwisho wa mabishano yao mshindi anamrudishia kiti chake na kugeuza jeshi lake kurudi alikotoka.

Aliyeiongoza, na ndiye aliyemwigiza Puru, ni Sohrab Modi, Mparsi wa Bombay aliyezaliwa mwaka 1897 na kukulia kwenye michezo ya jukwaani kabla ya kuanzisha kampuni yake ya Minerva Movietone mwaka 1936. Kisa na mazungumzo yaliandikwa na Sudarshan. Sikandar aliigizwa na Prithviraj Kapoor, na hapa msomaji wa Zanzibar, Dar es Salaam au Mombasa hahitaji kutambulishwa sana: ni baba mzazi wa Raj Kapoor, na ndiye yule hakimu mwenye moyo wa jiwe katika Awara, filamu iliyojaza majumba yetu ya sinema miaka ya 1950. Mwaka 1941 alikuwa na umri wa miaka 34, kifua wazi chini ya deraya, sauti ya kutikisa kuta. Filamu yenye sauti ilikuwa na miaka kumi tu nchini India, na Prithviraj alikuwamo hata katika ile ya kwanza, Alam Ara ya 1931.

Sasa nirudi kwenye shtaka la kwanza, kwamba maleba ni kuikimbia dunia. Anayelitoa shtaka hili anasahau kwamba India ilikuwa na desturi iliyokomaa ya kuyasema ya leo kwa midomo ya watu wa kale, na kwamba mtawala aliijua vizuri. Mwaka 1907 Krishnaji Prabhakar Khadilkar, mwandishi aliyekuwa karibu na Tilak, mmoja wa viongozi wa harakati za ukombozi, aliandika mchezo wa Kimarathi uitwao Keechaka Vadha. Ni kisa kutoka epiki ya Mahabharata: jemadari jeuri anamtaka Draupadi kwa nguvu, mume mmoja anashauri subira, mwingine anamuua jeuri huyo kwa mikono yake. Hakuna Mwingereza hata mmoja kwenye jukwaa. Watazamaji wakamwona Lord Curzon, aliyekuwa Viceroy wa India, katika yule jemadari, wakaona malumbano ya wapole na wakali wa harakati za ukombozi katika mazungumzo ya waume wa Draupadi. Serikali nayo ikaona, na mwaka 1910 mchezo ukapigwa marufuku.

Filamu ziliifuata njia hiyo hiyo. Mwaka 1921 kampuni ya Kohinoor ilitoa Bhakta Vidur, kisa kingine cha Mahabharata, na mhusika mkuu akavikwa kofia na kitambaa cha khadi vilivyomfanya afanane na Gandhi. Ikafungiwa Karachi na Madras. Mwongozaji V. Shantaram alipotengeneza filamu ya Shivaji, mfalme wa Wamaratha, mnamo 1930 aliipa jina lililobeba neno la kujitawala. Wakaguzi wakalikataa, ikatoka kwa jina la Udaykal. Mwaka 1935 alitengeneza filamu juu ya Eknath, mtakatifu wa karne ya 16, akaiita Mahatma; ikabidi iwe Dharmatma. Fikiria jambo hilo. Mtakatifu aliyekufa zaidi ya miaka mia tatu kabla, na ofisi ya serikali inakaa kikao kubishania sifa moja ya jina lake. Kama maleba yalikuwa ya kuikimbia dunia, kwa nini dunia iliyafukuzia kwa bidii kiasi hicho?

Sisi watu wa Kiswahili ndio tusiopaswa kabisa kuhadaika hapa. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga mashairi juu ya ugomvi wa Wamazrui na Seyyid Said, na adui akapigwa kwa lugha ya bahari, vyombo na wanyama. Hakuna mhakiki wetu mwenye akili timamu anayesema Muyaka alikuwa akiikimbia siasa kwa sababu alitaja jahazi pasipo kumtaja mtu. Basi kwa mizani gani Modi, aliyetaja Wagiriki, anahesabiwa kuwa mtu wa mapambo?

Tuutazame mwaka wenyewe. Septemba 1939 Lord Linlithgow, Viceroy wa India, aliiingiza nchi katika Vita vya Pili vya Dunia bila kumshauri kiongozi yeyote wa Kihindi. Serikali za majimbo zilizoshikwa na chama cha Congress zikajiuzulu. Sheria ya Ulinzi wa India ikayafunga magazeti. Oktoba 1940 Gandhi alianzisha ukaidi wa raia mmoja mmoja: mtu aliyechaguliwa anasimama hadharani, anasema havikubali vita hivi, anakamatwa, anasimama mwingine. Wa kwanza alikuwa Vinoba Bhave. Maelfu wakaingia jela kwa kusema sentensi chache. Katika hali hiyo, mtu anayedai kwamba msanii jasiri angepaswa kutengeneza filamu ya wazi yenye askari wa Kiingereza na mzalendo wa Kihindi anadai filamu ambayo isingetoka chumba cha ukaguzi. Hata miaka miwili baadaye, Kismet ya 1943, filamu ya mjini yenye mwizi na suti, ilipotaka kuwaambia wageni waondoke Hindustan, ilipeleka wimbo wake kwenye jukwaa la onyesho ndani ya filamu, ikawataja Wajerumani na Wajapani ili wakaguzi watulie.

Sikandar ilipita kwenye bodi ya ukaguzi ya Bombay. Wahakiki wanaoidharau huishia hapo: ilipita, basi haikuwa na sumu. Hawaendelei mbele kidogo kuona kilichofuata. Baada ya kuidhinishwa, filamu hiyo ilifungiwa katika baadhi ya majumba ya sinema yaliyohudumia kambi za jeshi. Jambo hili ndilo moyo wa hoja yangu, nami nitalikalia.

Kambini alikuwa nani? Jeshi la India lilianza vita likiwa na askari takriban 200,000. Hadi vita vinakwisha lilikuwa na zaidi ya milioni mbili na nusu, wote wa kujiandikisha. Mwaka ule ule wa 1941 divisheni za Kihindi zilikuwa zimetoka kumwaga damu Keren, Eritrea, katika kampeni ile ile iliyowapeleka askari wetu wa KAR hadi Addis Ababa. Na askari hao wa Kihindi walitoka wapi? Sehemu kubwa kuliko nyingine yoyote ilitoka Punjab, na ndani ya Punjab hakuna wilaya zilizotoa vijana kwa wingi kama Rawalpindi na Jhelum. Jhelum, mto ule ule. Taxila, mji wa mfalme aliyemfungulia Sikandar mlango, uko karibu na Rawalpindi. Yaani filamu hii ilikwenda kuonyeshwa kwa vijana wenye bunduki za Mfalme wa Uingereza, ikawaonyesha kijiji chao wenyewe, mto wao wenyewe, na mtu wa kwao amesimama kwenye ukingo wake akikataa kumpisha mgeni mwenye jeshi lisiloshindika.

Ofisa wa kambi hakuhitaji shahada ya uhakiki ili alielewe hilo. Hakujali kama uigizaji ulikuwa wa jukwaani mno. Hakujali kama Rukhsana wa historia aliwahi kumwona Puru. Alijua askari wake wangeona nini, na wangejiuliza nini wakirudi kulala. Mtawala aliutegemea utii wa vijana hao kuliko alivyotegemea kitu kingine chochote nchini India, na alipouona utii huo umeguswa na filamu ya maleba alichukua hatua. Miaka mitano baadaye, Februari 1946, mabaharia wa jeshi la majini waliasi Bombay. Sisemi filamu iliwaasisha, ingekuwa upuuzi. Nasema waliokuwa na kazi ya kuogopa waliogopa mahali panapostahili.

Shtaka la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa watu makini. Wanasema: sawa, kuna uzalendo, lakini angalia nani ana jina la filamu. Ni mvamizi. Angalia nani mzuri wa sura, nani ana mapenzi, nani anapanda farasi mweupe wa utukufu. Ni mvamizi. Modi alimpa Prithviraj kila kitu, akabakiza upande wa wenyeji mzee mwenye huzuni. Je, huu si uzalendo wenye haya, unaomrembesha mshindi?

Nadhani wamesoma kinyume. Kwanza, uzuri huo wa Sikandar ndio uliopitisha filamu. Wakaguzi wa Bombay walikuwa wamelelewa katika elimu inayomtukuza Mgiriki huyo. Waliona shujaa wa vitabu vyao vya shule na mkono ukasaini. Lakini hata bila wakaguzi, Modi asingepaswa kumfanya adui kuwa kikaragosi. Mtu aliyeshindwa na mjinga anaweza kujifariji kwamba ni bahati mbaya. Puru anashindwa na mtu mkubwa kweli kweli, kisha anasimama mbele yake akiwa na minyororo na kudai atendewe kama mfalme anavyomtendea mfalme. Jibu hilo limo katika masimulizi ya Wagiriki wenyewe, na Modi amelichukua likiwa na nguvu zake zote. Anayedai usawa mbele ya mnyonge hajadai kitu. India ya 1941 ilitawaliwa na dola iliyokuwa imejaza ramani, yenye vyuo, manowari na falsafa, na watawaliwa walikuwa wamefundishwa kuihusudu. Filamu iliyosema kwamba mtawala ni mpumbavu ingekuwa imesema uongo ambao kila mtazamaji aliujua. Hii ilisema jambo gumu zaidi: ni mkubwa, ana akili, pengine hata ana utu, na bado hana haki ya kuwapo hapa. Nenda kwenu.

Tena anaondoka. Hilo nalo halisemwi vya kutosha. Hakuna India inayomtimua kwa miujiza, hakuna radi wala mungu. Mshindi anafika mahali anapokiri kwamba ushindi wake hauna kazi tena, anageuka. Kwa watu waliokuwa wakiambiwa kila siku kwamba bila Mwingereza wangekatana mapanga, kumwona mtawala wa dunia akigeuza farasi wake kwa hiari lilikuwa funzo la siasa lenye uzito kuliko hotuba kumi.

Kisha yuko Ambhi. Wahakiki wanaoulalamikia urembo wa Sikandar hawamtaji mtu huyu, na mimi naona ndiye aliyemuuma mtazamaji kuliko wote. Mfalme wa Taxila, jirani na hasimu wa Puru, alimkaribisha mvamizi kwa zawadi kwa sababu alitaka jirani yake adhalilike. Katika masimulizi ya kale alitoa hata askari wapatao 5,000 kumsaidia. Filamu haimfichi. Puru anapohangaika kuwaunganisha wafalme, kinachomshinda si upanga wa Kigiriki; ni wivu wa nyumbani. Mwaka 1941 India ilikuwa na tawala za wafalme wa kienyeji zaidi ya 550, na wengi wao walikaa kwenye viti vyao kwa ridhaa ya Mwingereza, wakimpa fedha na askari. Mtazamaji aliyetoka kwenye moja ya tawala hizo hakuwa na haja ya kutafsiriwa Ambhi ni nani. Alimjua kwa jina, kwa kilemba na kwa gari lake. Huu ni uzalendo usiompapasa mtu mgongo: unamwambia Mhindi kwamba mgeni aliingia kwa mlango uliofunguliwa kutoka ndani, na aliyeufungua bado yumo.

Linganisha na filamu nyingi za kizalendo zilizotengenezwa baada ya uhuru, ambako ubaya wote uko ng'ambo ya mpaka na wenyeji wote ni wasafi. Hizo ndizo zingestahili kuitwa mapambo, na hizo ndizo zinazosamehewa kwa sababu zina kamera nyepesi na waigizaji wanaonong'ona.

Hapo nimeligusa shtaka la tatu, la sauti. Kwamba Modi na Prithviraj wanapaza sauti kama wako uwanjani, kwamba kamera imekaa inawasikiliza tu, kwamba hii ni sanaa ya jukwaa la Kiparsi iliyokosea njia na kuingia studio. Ni kweli Modi alitoka kwenye jukwaa hilo na hakulikana. Filamu yake ya kwanza, Khoon Ka Khoon ya 1935, ilikuwa Hamlet kama ilivyochezwa jukwaani. Ni kweli pia kwamba ukitoa vita, ambavyo vina farasi, tembo na magari ya vita kwa wingi wa kushangaza kwa studio ya miaka ile, sehemu kubwa ya Sikandar ni watu wawili waliosimama wakishindana kwa maneno.

Lakini nani aliamua kwamba hilo ni kosa? Katika India ya 1941, waliojua kusoma walikuwa chini ya wawili katika kila watu kumi. Gazeti lililokaguliwa halikumfikia mkulima, na hata lingemfikia asingelisoma. Alichokuwa nacho ni sikio lililofunzwa na wasimulizi wa epiki, waimbaji wa bhajan, washairi wa mushaira na michezo iliyozunguka kutoka soko hadi soko. Sikio hilo lilijua kupima hoja, lilijua mpangilio wa sentensi, lilingoja pale ambapo mzungumzaji anashusha pumzi ili akate. Modi alilipa sikio hilo kile lilichokuwa tayari kukipokea. Husimuliwa kwamba miaka ya baadaye, wakati wa onyesho la filamu yake nyingine, alimwona mtu amekaa ukumbini amefumba macho akadhani amechoshwa. Alipotuma mtu kumuuliza, akaambiwa huyu ni kipofu, huja kusikiliza. Wahakiki huitaja habari hiyo kama kichekesho juu ya mwongozaji asiyejua kutumia kamera. Kwangu ni heshima kubwa kuliko tuzo yoyote aliyopewa, hata ile ya Dadasaheb Phalke ya 1979.

Na hotuba ndiyo iliyokuwa sanaa ya kisiasa ya wakati ule. Watu walikuwa wakifungwa kwa kuhutubia. Kumweka mwanamume mwenye minyororo mbele ya mshindi wake na kumwacha aseme hadi mwisho, bila kukatizwa, bila polisi kupanda jukwaani, ni kumwonyesha mtazamaji kitu ambacho hakuweza kukiona popote pengine katika himaya nzima. Mwongozaji aliyeyakatakata mazungumzo hayo kwa ajili ya umaridadi wa kamera angekuwa ameuua moyo wa filamu.

Juu ya historia sitakaa sana. Rakhi ya Rukhsana haimo katika chanzo chochote cha kale. Rukhsana mwenyewe alitoka nchi za Baktria na Sogdia, na hakuna anayesimulia kwamba alivuka Jhelum kwenda kumwona Puru. Na hapa siko upande wa Modi: kumfanya Puru ashindwe kwa sababu ya ahadi kunawapunguzia watazamaji uchungu ambao wangepaswa kuubeba, na kunaihamishia kwa mwanamke mmoja lawama ambayo filamu ilikwisha kuiweka pazuri, kwa Ambhi. Ndiyo sehemu dhaifu ya hadithi nzima. Lakini wanaoshika bango la ukweli wa historia wakumbuke historia hiyo imetoka wapi. Arrian, ambaye ndiye anayeaminiwa zaidi, aliandika zaidi ya miaka mia nne baada ya vita. Wote waliobaki ni Wagiriki na Warumi. Hakuna andiko la Kihindi la zama zile linalomtaja Sikandar. Puru anajulikana kwa kalamu za walioshabikia upande uliomshinda, na Modi alifanya kile ambacho mtu wa upande wa pili wa mto angefanya: alichukua masimulizi yao, akasimama kwenye ukingo wa kwake, akayasema upya.

Ushahidi wa mwisho wa kwamba maleba yalikuwa silaha uko katika kile kilichotokea silaha hiyo ilipokosa kazi. Mwaka 1953, miaka sita baada ya uhuru, Modi alitoa Jhansi Ki Rani, juu ya malkia aliyepigana na Waingereza mwaka 1857 na 1858. Sasa adui alitajwa kwa jina, alivaa sare yake mwenyewe. Ilipigwa kwa rangi za Technicolor, ya kwanza ya namna hiyo India, na mpiga picha Ernest Haller, aliyefanya kazi katika Gone With the Wind, aliletwa kutoka Marekani. Mehtab, mke wa Modi, alikuwa malkia. Fedha ziliteketea, na watazamaji hawakuja. Kama watu wa 1941 walikuwa wamefuata panga na vito tu, hapa palikuwa na panga nyingi zaidi, vito vingi zaidi, tena vyenye rangi. Kilichokosekana ni ule mvutano wa ukumbi mzima kuelewa kitu ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukitamka. Mwaka uliofuata Modi alitengeneza Mirza Ghalib, juu ya mshairi wa Kiurdu wa Delhi, akapata Medali ya Dhahabu ya Rais.

Kuna kundi jingine ambalo siwezi kuliacha lipite, nalo ni la wanaoipenda Sikandar kwa sababu mbovu: wanaoivuta leo iwe ya dini moja na ya upande mmoja wa mpaka. Wasome majina ya walioitengeneza. Mwongozaji Mparsi. Mwandishi Mhindu. Mtunzi wa muziki, Rafiq Ghaznavi, Mwislamu. Prithviraj alizaliwa Samundri, wilaya ya Lyallpur, ambayo leo ni Faisalabad ya Pakistan. Miaka miwili kabla, Modi huyo huyo alikuwa ametoa Pukar, filamu inayomheshimu mfalme wa Kimughal, Jahangir, kama mtu wa haki asiyejipendelea hata mbele ya mke wake. Lugha ya filamu zote mbili ni Kihindustani kilichokuwa cha wote. Na nchi anayoitetea Puru, ile ardhi kati ya mito Jhelum na Chenab, haimo ndani ya India tangu Agosti 1947.

Mwaka 1961, jeshi la India lilipoingia Goa kuwaondoa Wareno, Sikandar ilionyeshwa tena Delhi. Ilikuwa na miaka ishirini, na bado watu walijaa. Mwaka 1965 kikatoka kisa hicho hicho kwa jina la Sikandar-e-Azam, mwanamieleka Dara Singh akiwa mvamizi. Safari hii Prithviraj Kapoor, sasa mtu mzima mwenye mwili mzito, alivaa maleba ya Puru. Septemba ya mwaka huo majeshi ya India na Pakistan yalipigana Punjab, kila moja likiwa na vijana waliotoka katika vijiji ambavyo filamu ya 1941 ilivitetea kama nchi moja.